Siku Niliyombandua Shangazi Kiooni

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi leo, usijali, hujakosa mengi. Misiba yangu haina haraka.

Kwa ufupi: nilimaliza chuo na shahada ya jiografia, na imani kwamba dunia inawahitaji watu wema. Shule ya kwanza iliyoniajiri ikafungwa. Mchumba wangu akahama mtaa bila kuniaga, akabadilisha na namba ya simu. Mwaka mzima nikalala sebuleni kwa dada yangu, nikijifunza kuamka kabla shemeji hajalitaka kochi lake.

Kisha nikapata kazi katika kampuni inayopeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa majumbani. Wiki iliyopita niliwaacha pale Madamu, mwenye kampuni, aliponiita ofisini na kufunga mlango.

Ninachokwenda kusema leo nimejaribu kukificha. Hakifichiki.

"Profesa," alianza Madamu. Wote pale waliniita Profesa, na si kwa heshima. "Wewe si ndiye unayewatoa hawa kina Shangazi kwenye magari?"

"Ndiyo, Madamu."

Shangazi ni kile kifaa kidogo cha kuonyesha njia, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Madereva wetu walikiita hivyo kwa sababu kinaongea kama shangazi aliyekuja kukaa wiki moja. Kata kulia. Kata kushoto. Geuka urudi ulikotoka. Ukikosea hakuachi, anaanza upya.

Mwezi uliotangulia wezi walikuwa wamevunja vioo viwili wakiwatafuta kina Shangazi. Basi kazi yangu kila jioni ilikuwa kuwabandua, kufuta duara linaloachwa na mpira kwenye kioo, maana mwizi akiliona lile duara anajua Shangazi mwenyewe yuko karibu, kisha kuwafungia kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Ndicho cheo changu cha kwanza maishani.

"Nenda kamtoe wa gari la pili," alisema Madamu. "Sasa hivi."

"Sasa ni saa saba na nusu, Madamu. Mzee Kimya bado ana safari."

"Ndiyo maana nasema sasa hivi. Anakula."

Mzee Kimya alikuwa dereva wa kampuni kwa miaka kumi na tisa. Jina lake lilijieleza. Kiumbe pekee aliyejibiwa naye alikuwa Shangazi. Akiambiwa kata kulia, hujibu, "Haya, mama." Nimemsikia kwa masikio yangu.

"Siku moja anarudi mapema, siku ya pili anachelewa dakika arobaini," alisema Madamu. "Juzi kachelewa, jana mapema. Nimechoka kubahatisha. Hicho kifaa kinakumbuka kilikopita, au sivyo? Umesoma ramani miaka mitatu. Njoo unisomee."

"Si afadhali tumuulize mwenyewe?"

"Umewahi kumuuliza Kimya kitu akakujibu?"

Nikautazama mlango uliofungwa.

"Nilikuajiri kwa sababu wewe ni mwaminifu, Profesa. Uaminifu wenyewe ndio huu."

Kila samaki ana chambo chake. Changu ni neno hilo. Nikainuka.

Gari la pili lilikuwa limeiva kwa jua. Nikaingia upande wa dereva, nikamkamata Shangazi kwa mikono miwili, nikavuta. Hakutoka. Jioni zote Mzee Kimya ndiye aliyekuwa akinikabidhi wa kwake akiwa ameshamtoa, sikuwahi kugusa mpira ule wala kioo chake. Nikavuta tena, mguu nimeukanyagisha kwenye dashibodi. Kioo kikalia kama mlango wenye kutu.

"Utapasua."

Mzee Kimya alikuwa amesimama kando ya mlango, kopo la chakula mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usivute. Inua kikono kwanza."

"Kikono kipi?"

Aliweka kopo juu ya paa la gari, akapitisha mkono mbele ya uso wangu. "Hiki hapa. Haya, sasa ingiza ukucha kwenye ukingo wa mpira. Mpira haukushikwa na gundi, mwanangu, umeshikwa na hewa. Ipe hewa njia."

Nikaingiza ukucha. Pfff. Shangazi akaniangukia kiganjani, wa moto kama yai lililotoka kuchemshwa.

"Waya usiuvute kwa kamba yake. Shika kichwa."

Nikashika kichwa, nikauchomoa kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Katika miezi minne sikuwa nimesikia maneno mengi namna ile kutoka kinywani mwake. Aliyatumia kunifundisha kumtoa kazini.

"Ni Madamu anayemtaka?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Samahani, mimi..."

"Nina safari moja imebaki. Niachie hadi saa kumi na moja. Nikirudi nitampeleka mwenyewe, nimweke mezani kwake."

Hapa, ndugu msomaji, ndipo ninapoomba unisubiri kidogo.

Ningeweza kusema, "Haya, mzee." Ningeweza kumwambia Madamu kwamba mpira umekataa kutoka, na isingekuwa uongo wote. Mzee aliniomba saa tatu na nusu tu, tena akiwa ameshanitolea kitu chenyewe.

"Agizo ni sasa hivi, mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Shingoni alivaa ile spana ya kufungulia mitungi, ameifunga kwa kamba ya kiatu kama filimbi ya mwamuzi, na akiwaza huizungusha kidoleni. Akaizungusha.

"Saa kumi na moja," alisema tena, si kwangu, bali kwa kile kioo.

Nikachukua kitambaa na spiriti nilifute duara. Nikafuta mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Hilo acha," akasema. "Nambandika palepale miaka mitano. Jua limeliandika."

Nilipomuunganisha Shangazi na kompyuta ya ofisini, safari zote zikajitokeza kama nyuzi nyekundu. Zilitoka getini kwetu, zikaenda kwa wagonjwa, zikarudi. Kila kitu sawasawa.

Isipokuwa uzi mmoja. Siku moja haupo, siku ya pili upo. Ulivuka reli, ukajipenyeza kwenye vichochoro, ukasimama dakika arobaini mahali pamoja. Kimya alikuwa amepahifadhi pale kwa jina. Nyumbani.

"Nyumbani?" Madamu alicheka bila furaha. "Kimya anakaa nyuma ya ukuta huu huu! Redio yake naisikia nikiwa hapa! Nyumbani gani?"

"Sijui, Madamu."

"Na tena ni nje ya mpaka."

Aligeuka kuitazama ramani ukutani. Sina budi kueleza juu ya ramani ile, kwa sababu niliichora mimi.

Mwezi wangu wa kwanza Madamu alilalamika kwamba magari yanakwenda mbali mno, dereva akienda kwa mgonjwa mmoja wengine watatu wanasubiri. Akasema, wewe msomi, nichoree mpaka. Nikachukua bikari, nikaweka sindano juu ya ofisi yetu, nikazungusha duara safi. Kazi ya dakika moja. Nyumba kumi na moja zikaangukia nje. Nikaziandikia barua mwenyewe, kwa lugha ya adabu, nikatia sahihi kwa niaba ya kampuni. Wagonjwa niliwajua kwa namba tu, ili kuwatunzia siri zao. Jioni ile nilijisikia kwamba elimu yangu hatimaye imemfaa mtu.

"Ama ana mwanamke, ama anauza oksijeni yangu," alisema Madamu. "Niandikie hapo ni wapi. Leo hii nakwenda mwenyewe nikamwone huyo Nyumbani."

Nikamwandikia, kwa mwandiko mzuri.

Mzee Kimya aliitwa. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Hapa ni wapi?"

Madamu aligonga uzi ule kwenye kompyuta kwa ukucha.

"Nakuuliza wewe, mtu mzima! Hapa ni wapi?"

"Kwa mgonjwa."

"Mgonjwa namba ngapi?"

Mzee aliitazama ramani ukutani. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayejiuliza kama mtoto ameshakua wa kuambiwa. Nadhani aliamua bado.

"Namba yake ilifutwa," akajibu.

"Kwa hiyo mtungi wangu unampelekea mtu ambaye si wangu."

"Mabaki, Madamu. Si mtungi. Ni mabaki."

"Mabaki gani?"

 Mzee alitoa ufunguo wa gari akauweka mezani, na simu ya kampuni juu yake. Shangazi alikuwa amelala pembeni ya kompyuta, taa yake bado inawaka.

"Haya, mama," alisema Mzee Kimya, na hakuwa akimtazama Madamu.

Akachukua kopo lake la chakula, akaondoka. Spana ilikuwa ikining'inia shingoni mwake. Hakuna aliyeikumbuka, nadhani hata yeye.

Nilimfungia Shangazi kabatini kama nilivyoagizwa, kisha nikaenda stoo kutafuta mtu wa kuniambia kwamba nilifanya vyema. Sikumpata. Nilimkuta Mama Stoo, mtunza mitungi wetu, amekaa juu ya kreti na bonge la funguo mapajani.

"Karibu, shujaa," alisema. "Mmoja umeshamfukuza. Umekuja kunihesabu na mimi?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Niliagizwa."

"Hata mbwa huagizwa, lakini akishauma hatujasikia anakuja kuomba chai. Kaa hapo. Unajua mabaki ni nini?"

"Sijui."

"Ndiyo, hamkufundishwa." Aligonga mtungi uliokuwa karibu naye kwa kisigino. "Mtungi ukirudi kutoka kwa mgonjwa hauji mtupu. Watu wanaogopa kungoja mpaka mwisho, wanaita mapema. Humu ndani inabaki robo, pengine zaidi. Sheria ya Madamu, kabla hatujaupeleka kujazwa tunaufungua, hewa inatoka yote. Miaka kumi na tisa, mwanangu, nawapulizia mende oksijeni. Mende wa stoo hii hawajui pumu ni nini!"

Alicheka peke yake, akaacha.

"Siku moja Kimya akaniambia, haya mabaki nipe mimi. Nikampa. Unataka kujua ya nani? Lile duara lako zuri liliwaacha watu kumi na mmoja nje. Kumi walipata pengine pa kushika. Wengine kwa ndugu, wengine kampuni nyingine. Mmoja hakupata."

"Yuko mbali sana?"

"Mbali?" Aliinua kidole chake kidogo mbele ya macho yangu. "Nilikwenda kuipima nukta yake pale ukutani kwa mkono wangu. Yuko nje kwa upana wa risasi ya penseli. Mstari wenyewe ndio unaopita juu ya paa lake."

Nikakaa chini sakafuni.

Nakumbuka siku ile penseli ilikuwa butu. Kichongeo kilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa upande wa pili wa chumba. Niliona uvivu.

"Mtungi aliopelekewa juzi unakwisha lini?" nikauliza. Nilijua jibu kabla hajasema.

"Leo. Saa kumi na moja hivi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini.

"Nyumba iko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi mtu wa stoo. Anayejua ni Kimya, na simu yake iko kwa Madamu. Nimemtuma mlinzi kwake hapo nyuma, mlango una kufuli."

Nukta ile kwenye ramani niliikumbuka. Lakini ng'ambo ya reli njia zimejikunja kama utumbo, na nukta na mlango ni vitu viwili tofauti. Hilo hata chuoni walitufundisha.

Tukatazamana, mimi na Mama Stoo.

"Ufunguo wa kabati si unao wewe?" alisema polepole.

Maishani mwangu sijawahi kuiba hata chaki. Nilifungua kabati, nikamchukua Shangazi, nikamtia mfuko wa shati. Jambo nililowazuia wezi kwa mwezi mzima nikalifanya mwenyewe, mchana kweupe, kwa ufunguo niliokabidhiwa kwa uaminifu.

Mama Stoo aliniwekea mtungi mdogo kwenye toroli, akaufunga kwa mikanda miwili. Aliupima kwa geji ya stoo, kile kipimo chenye mshale, kisha akaitoa. "Haijafika nusu. Ndio bora nilio nao. Ukikamatwa, sikujui."

"Sawa, mama."

"Na ukifika, mgonjwa mwambie pole."

Funguo za magari zilikuwa kwa Madamu. Nikaanza kusukuma.

Lipo jambo moja juu ya Shangazi ambalo halikunijia akilini hadi nilipofika njia panda ya kwanza. Amezoea kula umeme wa gari. Ukimtoa, betri yake iliyozeeka haivuki nusu saa. Kioo chake kilikuwa tayari kinaniomba nikichaji.

Basi nikawa namzima, natembea, nikifika penye njia mbili namwasha. Ananiambia neno moja, namzima tena. Kati ya njia panda na njia panda nilikariri. Nilijichorea viganjani kwa kalamu: mashine ya kusaga, kulia. Ukuta mrefu, kushoto. Shahada yangu yote ikaenea kwenye kiganja kimoja.

Yeye hakujua kwamba mimi si gari. "Ingia barabara kuu," anasema. Toroli halipiti barabara kuu. Nikapita pembeni, kwenye vumbi, gurudumu moja likilia kama kifaranga.

"Geuka urudi ulikotoka."

"Siwezi, Shangazi."

"Geuka urudi ulikotoka."

"Haya, mama," nikasikia mdomo wangu ukisema, na sikugeuka.

Nilivuka reli nikiwa nimechubuka mikono yote miwili. Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimechoka mno hata kwa hilo. Vichochoro vikaanza. Nikamwasha mara ya mwisho, sikuthubutu kumzima tena. Akanipeleka kulia, kushoto, kulia, mwanga wake ukififia kama mtu anayesinzia huku anakuelekeza.

Mbele ya mlango wa mbao uliopigiliwa bati chini, akasema, "Umefika unakokwenda."

Kisha akazimika.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Niligonga mlango mara moja, kwa nguvu zilizobaki.

Ulifunguliwa upesi, na aliyefungua hakunitazama mimi. Alitazama toroli.

"Nani wewe? Mzee yuko wapi? Yeye hugonga mara tatu, nimesikia moja nikajua si..."

Ndipo akainua macho.

Nimekwisha kuwasimulia juu ya mchumba wangu aliyehama bila kuaga. Mliniandikia barua nyingi mkinishauri nimsahau. Alikuwa amesimama mbele yangu, amekonda, nywele amezifunga kwa kitambaa, na mkononi ana taulo yenye unyevu.

"Wewe," alisema.

"Sikujua ni hapa."

"Hukujua." Sauti yake haikuwa na hasira. Hasira ingekuwa na uhai. "Ingia basi. Mama amebakiza robo saa."

Chumba kilikuwa kimoja, safi. Mama yake alikuwa kitandani, ameegemezwa mito mitatu, mrija puani. Enzi zetu njema aliniita mwanangu kabla sijatoa hata barua ya posa. Sasa kila pumzi aliivuta kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani. Kando yake ulisimama mtungi wetu, na mshale wa geji ulikuwa ndani ya wekundu.

"Shikamoo, mama."

Aliinua vidole viwili. Marahaba.

"Umepiga simu hospitali?" nilimuuliza bintiye kwa sauti ya chini.

"Gari lao lina pancha. Wanakuja. Wanakuja tangu saa tisa. Mzee nimempigia, akapokea mwanamke, akaniuliza mimi ni nani kwa Kimya, nikakata." Alikuwa anafungua mikanda ya toroli huku anasema, kwa vidole vya mtu aliyezoea. "Nisaidie kuunyanyua."

Tukaunyanyua pamoja. Mkono wake uligusa wangu, wala hakuuondoa wala hakuuacha. Ulikuwa na kazi tu.

"Kwa nini hukuniambia mama anaumwa?" nikanong'ona. "Mwaka mzima."

"Ulikuwa unalala kwenye kochi la dada yako. Nikuongezee na hili? Nilisema mama akipona nitarudi na habari njema." Alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Halafu ikaja hii."

Sikuhitaji kuikunjua. Nilijua ilivyoanza, na nilijua sahihi iliyo chini.

"Mgonjwa namba thelathini na nane," alisema. "Nilidhani umejua tuko hapa, ukaamua kunilipizia kisasi. Nilikaa na barua hii wiki nzima, nikisoma ule mstari wa mwisho. Umeandika tunakutakia afya njema."

"Sikujua. Zilikuwa namba tu. Naapa, zilikuwa namba."

"Hilo ndilo baya zaidi," alisema, akaninyooshea mkono. "Spana."

"Nini?"

"Spana. Kichwa hiki nakitoa kwenye mtungi wa zamani nakifunga kwenye huu. Bila spana hakitoki. Ile ya Mzee. Anayoivaa shingoni."

Nilipapasa mifuko yangu kana kwamba huenda ikajizaa humo. Nilitoa kitambaa. Nilitoa ufunguo wa kabati. Nilimtoa Shangazi, kioo chake cheusi.

Aliona kile kifaa. Alikijua. Bila shaka alikuwa amekiona mara nyingi kikiwa kimebandikwa mahali pake, gari limesimama pale nje.

"Hiki kimetoka kwenye gari la Mzee," alisema. "Kwa nini unacho wewe?"

 Nilikimbilia mtungi, nikashika nati kwa mikono mitupu. Ilinicheka. Binti alileta koleo la jikoni, nikalibana, likateleza, likanichana kidole. Nikalibana tena. Mshale ukashuka kwa upana wa unywele. Mama akavuta ndoo yake kutoka kisimani, ikaja nyepesi.

"Nani amemtoa Mzee kwenye gari?" aliuliza binti, nyuma yangu. "Nijibu. Kwa miezi mitatu yule mzee hajakosa hata siku yake moja. Ni nani aliyemchongea?"

Ningeweza kusema Madamu. Ingekuwa kweli, kama zilivyo kweli nyingi nilizokwisha kuzisema. Lakini nilikuwa nimeubeba uaminifu siku nzima kwa faida ya mtu mwingine, na nilichoka.

"Mimi," nikasema.

Hakupiga kelele. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama yake. Mama alifumbua macho, akanitazama, akamtazama bintiye, akapata pumzi ya kutosha maneno machache.

"Mpe... akae. Ametoka mbali."

Hapo tukasikia miguu nje. Kichochoro kizima hakina watu wengi wa kuja kwenye mlango ule. Yuko mmoja mwenye spana shingoni, asiye na gari wala simu, ambaye angetembea kwa miguu yake mizee tangu saa tisa. Na yuko mwingine mwenye anwani mfukoni, kwa mwandiko wangu mzuri, aliyeapa kuja leo hii kuchukua kilicho chake.

Miguu ikasimama.

Mlango ukagongwa. Mara moja.

Mara ya pili.

Binti alinishika mkono kwa nguvu, nadhani bila kujua ni wangu. Mshale ulikuwa umelala juu ya sifuri. Tukazuia pumzi, sisi wawili tuliokuwa nazo, tukingoja mlango ugongwe mara ya tatu.